Mkono Mmoja Mfukoni, Jicho Pembeni

Vijana wangu, kabla sijawaambia lolote kuhusu rada, wekeni mkono wa kushoto mfukoni. Ndiyo, sasa hivi. Mtasoma kwa mkono mmoja, hamtakufa. Mtakufa siku mtakapoingiza mikono miwili ndani ya mashine yenye umeme mkubwa, kwa sababu umeme ukiingia kwa mkono mmoja na kutokea kwa mwingine, unapita kwenye moyo. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, umeme unakurusha tu, wewe unatukana kidogo, kisha unaendelea na kazi.

Nilifundishwa hivyo Lubumbashi, mtaa wa Kenya, na fundi wa redio tuliyemwita tonton Ngoy, yaani mjomba. Miaka mingi baadaye nikaingia kwenye karakana hapa Brussels, nyuma ya jumba moja la maonyesho ya ndege za zamani, nikamkuta Mbelgiji mwembamba, mwenye mvi, ameinama juu ya sanduku la chuma lililofunguliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya sanduku. Wa kushoto ulikuwa mfukoni. Nikajua nimefika kwa watu wangu.

Huyo alikuwa monsieur Armand. Niliajiriwa nisuke upya transfoma zilizoungua, lakini yeye ndiye aliyenifungulia sanduku lile na kunionyesha lilichokuwa. Hata leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Lilikuwa rada ya ndege ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa zilizopandishwa angani. Fikirieni kidogo. Usiku, mawingu, hakuna mwezi. Ndege za adui zinakuja kuangusha mabomu juu ya watu waliolala. Wewe rubani umetumwa ukazizuie, na huoni hata ncha ya bawa lako mwenyewe. Utampata nani? Kabla ya mashine hii, walikuwa wanazunguka gizani na kurudi nyumbani mikono mitupu. Ndipo watu wakafikiri: turushe wimbi mbele ya ndege, likigonga kitu litarudi kama mwangwi unavyorudi ukipiga kelele mbele ya mlima. Wakafunga antena kwenye pua ya ndege ya kurushia wimbi, na nyingine kwenye mabawa za kupokelea mwangwi. Ndani wakaweka vioo viwili vya mviringo, kila kimoja kina mstari wa kijani. Kioo cha kwanza kilionyesha kama adui yuko kushoto au kulia. Cha pili, kama yuko juu au chini. Mwangwi ukirudi, unachomoza kwenye mstari kama mwiba. Mwiba ukiwa mrefu zaidi upande wa kushoto, adui yuko kushoto. Ukilingana pande zote, yuko mbele yako.

Kumbe rubani mwenyewe hakuwa na vioo hivyo. Alikuwa navyo mwenzake aliyekaa nyuma, amebandika uso kwenye kifuniko cha mpira, haoni nje kabisa. Mmoja ana dirisha lakini haoni kitu, mwingine anaona lakini hana dirisha. Kati yao kuna sauti tu. "Kushoto. Kushoto kidogo. Panda. Hapo hapo. Punguza mwendo." Mpaka anafika karibu sana, na yule wa nyuma anasema: "Sasa inua macho, utamwona." Kazi ya rada inaishia hapo. Inakufikisha mahali ambapo macho yako yanaweza kufanya yaliyobaki.

Monsieur Armand aliyajua haya kwa sababu alipokuwa kijana anajifunza ufundi, alikuwa na jirani, mtaani Schaerbeek, ambaye vitani alikuwa mtu wa nyuma, mtu wa vioo. Jirani huyo alifariki zamani, lakini alimweleza ule mstari wa kijani kwa namna ambayo Armand hakuweza kuusahau. Alitaka kuuona. Alitaka kuuona ndani ya ndege, akiwa amebandika uso kwenye mpira, si kwenye picha. Aliitafuta mashine ile kipande kwa kipande, miaka na miaka: sanduku hapa, kioo kule, swichi kutoka kwa mjane fulani aliyekuwa anaifanya kizuizi cha mlango.

Na macho yake yalikuwa yanakufa.

Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakunywa kahawa. Daktari alikuwa amemweleza kwamba katikati ya macho ndipo patakapozimika. "Bado kidogo," alisema. "Tufanye haraka, Béa, lakini tusikimbie." Hayo ndiyo maneno ya fundi. Mkewe alimlisha karoti kila siku, jambo lililomchekesha, kwa sababu wakati wa vita, ili adui asijue siri ya mashine, watu waliambiwa kwamba marubani wanaona gizani kwa kula karoti nyingi. "Nimekula uongo wa jeshi maisha yangu yote," alisema, "na sasa mke wangu ananipikia supu ya uongo huo."

Sasa niwaambie kwa nini hatukukimbia, maana najua nyinyi mnapenda kubonyeza swichi kwanza na kuuliza baadaye.

Kule kwa tonton Ngoy, nilipoanza tu, mtu alileta redio kubwa ya mbao iliyokaa ghalani tangu enzi za babu yake. Nikaichomeka ukutani. Ilipiga kelele kama nguruwe, ikatoa moshi mweusi, na mwenyewe amesimama pale pale na kofia yake mkononi. Tonton Ngoy hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Wewe ukilala miaka makumi mawili, mtu akikuamsha kwa kofi, utampikia chai?" Kisha akanionyesha. Chukua balbu ya kawaida ya nyumbani, iunge njiani kati ya ukuta na redio, ili umeme wote upite kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna mahali pamegusana, zima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, redio inaanza kupumua. Kondensa za zamani, vile vikopo vinavyotunza umeme, zipe umeme kidogo kidogo, siku baada ya siku, zikumbuke kazi yao. Na tumieni pua. Pua inajua kabla ya kipimo.

Nilikuwa na umri wa kuwa shuleni wakati huo. Mama na baba walifariki wakifuatana, nami ni wa kwanza kuzaliwa, nyuma yangu wako Francine na Dédé. Shule niliiacha, sikuilaumu na haikunilaumu. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nasema tupite huku, tule hiki, tusimame, twende. Lubumbashi mpaka Brussels, ni mimi nilisema kushoto, mimi nilisema kulia. Mtu mkubwa nyumbani hachagui. Nawaambia si kwa kujisifu, ni kwa sababu itatufaa mbele.

Basi, mashine ya monsieur Armand tuliiamsha kwa balbu ya tonton Ngoy. Armand alikuwa na kifaa kizuri cha kupandisha umeme polepole, lakini alipoiona balbu yangu alicheka na kusema jirani yake wa Schaerbeek naye alikuwa na balbu hiyo hiyo. Tukatumia vyote viwili. Kioo cha kuonyesha kushoto na kulia tulikuwa nacho kimoja tu kizima. Kikipasuka ndani, hapakuwa na kingine mahali popote tulipojua. Kila nilipomaliza kujaribu sehemu, nilizima, nikachukua fimbo kavu yenye ndoano ya shaba, nikaigusisha kwenye kondensa kubwa. Pa! Cheche ya buluu. Mashine iliyozimwa bado ina hasira ndani, msisahau hilo.

Sasa kuhusu ndege yenyewe, ile tuliyokuwa tunaijenga upya pale karakana ili tuiweke rada ndani yake. Karakana ilikuwa na desturi moja ambayo kwanza niliiona ya kitoto. Siku ya kwanza, kabla hujagusa hata msumari mmoja, unapanda ndani ya ndege, unakaa kwenye kiti cha rubani, unafumba macho, unanyoosha mkono wa kushoto mpaka uguse ukuta na kusema kwa sauti: "Hii ni kushoto." Kisha wa kulia. Wenzako wako chini wanasikiliza, na wanapiga makofi. Baada ya hapo unanunua keki.

Aliyekuwa anasimamia mabati na kuunganisha mabawa ni Luc, mtu wa Anderlecht, mkubwa kama kabati, mwenye vidole vinene vilivyoweza kunyoosha bati mpaka ukajiona uso. Luc alikula keki za kila mtu. Hakuna aliyewahi kuuliza yake iko wapi.

Siku ya jaribio ikafika. Ilikuwa asubuhi, majira ya kuchipua, mwanga mzuri unaingia kwenye vioo vya paa. Mjini hairuhusiwi kurusha mawimbi makubwa hewani, kwa hiyo tulitengeneza kisanduku kidogo kinachotoa wimbi dhaifu, kama mwangwi wa bandia. Mtu angetembea nacho mbele ya ndege ndani ya ukumbi, huku waya mrefu ukimfuata nyuma ili kisanduku kipige pamoja na mashine. Nilimleta mdogo wangu Dédé, aliyekuwa na siku ya mapumziko kwenye ghala lake. Tulifunga kisanduku juu ya mti wa ufagio.

"Yaya," akaniuliza, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, "donc mimi ni ndege ya adui, ao ni mufagizi?"

"Wewe ni ndege. Nyamaza, ndege haisemi."

"Ndege yenye mukia," akasema, akiuangalia waya. "Bon. Munipige vizuri basi, nisisikie maumivu. Papa Armand, umekula karoti?"

Nilimtafsiria, na monsieur Armand akasema amekula za kutosha kuwaona Waingereza wote na adui zao.

Akapanda kwenye mlango wa tumboni mwa ndege, akaketi kiti cha nyuma, akabandika uso kwenye mpira. Mimi nilichuchumaa kando yake kwenye swichi, mkono wa kushoto mfukoni. Balbu ikawaka kidogo, ikafifia. Nikasikia ile injini ndogo inayozungusha swichi ya antena, inayobadilisha kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka sana, ikianza kuimba. Vumbi la moto likanukia, harufu nzuri, si ile mbaya.

"Unaona?" nikauliza.

Alisogeza kichwa juu, kisha chini, uso ungali kwenye mpira.

"Umekatika," akasema. "Mstari upo juu, upo chini. Katikati hamna. Kioo kimeharibika, Béa."

Kioo kile kimoja. Nikamwomba anipishe, nikabandika uso wangu mahali pake, mpira ungali na joto lake.

Vijana, niliuona. Kijani ambacho sijakiona kwenye jani lolote, chembamba, kinatetemeka kidogo kama kitu kilicho hai, kimesimama wima kutoka juu mpaka chini. Kizima. Hakikukatika popote.

Nilibaki na uso kwenye mpira kuliko ilivyohitajika. Nilijua nikiinuka lazima niseme. Ningeweza kusema ndiyo, umekatika, tutatengeneza, na angeenda nyumbani akingoja. Angengoja mpaka hata zile pembe za juu na za chini zimwishie. Nikainuka.

"Monsieur Armand," nikasema, "mstari ni mzima."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, kazi isiyo na maana kwa sababu miwani ilikuwa safi. Huko nje Dédé alikuwa anauliza kwa sauti kama vita vimeahirishwa.

"Basi ni mimi," akasema mwishowe. "Nimechelewa kwa majira machache tu. Umeuona wewe, inatosha. Zima, tushuke."

Mkono wangu ulienda kwenye swichi. Na hapo, sijui kwa nini hapo hasa, nikakumbuka jambo alilonifundisha yeye mwenyewe tukiwa tunalehemu, katika zile hadithi zake nyingi za jirani. Rubani wa usiku, akishaambiwa ainue macho, haitazami ndege ya adui moja kwa moja. Ukitazama kitu hafifu gizani moja kwa moja, kinapotea. Unatazama kando yake kidogo, nacho kinajitokeza pembeni mwa jicho. Walifundishwa hivyo wote. Jaribuni na nyota ndogo usiku, mtaona nasema kweli.

"Rudi kwenye mpira," nikamwambia.

"Béa, usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Wewe unatazama kama mtu wa mchana. Usiutazame mstari. Tazama ukingo wa kioo, kushoto, pale penye skrubu. Usiondoe jicho kwenye skrubu."

Akanung'unika kwamba tangu lini mwanafunzi anamwambia fundi pa kutazama. Lakini akarudi. Niliona mabega yake tu. Yalikuwa yamekaza, kisha yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Ah," akasema. Kisha tena, polepole: "Ah, ndio huu. Mzima kabisa. Jirani alisema unatetemeka. Aliniambia unatetemeka."

Nilikuwa na kazi ya kuangalia kipimo, na kipimo kilikuwa kimeingia ukungu, sijui kwa nini.

"Leteni adui," akaagiza, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

Dédé akaanza kutembea, ufagio juu, mkia nyuma. "Mwiba unachomoza," Armand akapaza sauti. "Yuko kulia! Anaenda kulia!"

"Niko gauche, kushoto ya ndege yenu," Dédé akajibu kutoka nje. "Yaya, mwambie papa, mimi niko naenda gauche kabisa. Mashine yenu inasema uongo kama karoti zake."

Akaenda upande wa pili. Mashine ikasema kushoto. Tulijaribu tena na tena. Mashine ilikuwa sahihi katika kila kitu, isipokuwa ingempeleka rubani mbali na adui kila mara, kwa uhakika mkubwa. Nikashuka kufuata waya za antena. Zilikuwa zimefungwa kwa usafi wa ajabu, kila moja na kibandiko chake, kwa mwandiko mzuri wa Luc. Waya wa bawa la kushoto uliandikwa kulia. Wa kulia uliandikwa kushoto.

"Luc," nikamwita, "ulipoandika hivi ulikuwa umesimama wapi?"

"Mbele ya ndege. Ningesimama wapi?"

"Ulikuwa unaitazama usoni."

"Ni heshima kumtazama mtu usoni."

Monsieur Armand akatoa kichwa kwenye mlango wa tumboni. "Luc. Keki yako ya kukaa kwenye kiti tuliila lini?"

Luc akawa mwekundu mpaka masikioni. Akautazama ule mlango mdogo, kisha akalitazama tumbo lake, na sote tukaelewa kwa pamoja. Miaka yote ile hakupita. Alikuwa ameijenga ndege nzima kutoka nje, na hakuwahi kuketi ndani yake. Tulicheka mpaka Dédé akauliza nini, akatafsiriwa, akaja kumkumbatia Luc kiunoni, mikono yake isifike. "Tonton," akamwambia, "hata mimi hapa ninakuzunguka kwa awamu."

Luc alizibadilisha waya mwenyewe, na kesho yake alileta keki mbili.

Lakini siku ile ile ya jaribio, waya zilipokwisha kubadilishwa, ilibaki safari moja. Armand alitaka tufanye kama walivyofanya wao, watu wawili. "Panda mbele, Béa," akasema. "Kiti cha rubani. Macho kwenye vipimo, usitazame nje mpaka nikuambie." Dédé akapewa maagizo: aangalie vibao vya mabawa vinavyofuata usukani wangu, na akiona nimepinda upande wake, asogee kuelekea katikati.

Nikaketi. Nikashika usukani kwa mikono miwili, maana pale mbele hapakuwa na umeme wa kuogopa. Nikainamisha macho kwenye saa zilizokufa, sindano zote kwenye sifuri. Nyuma yangu, sauti ya mtu ambaye hawezi tena kusoma gazeti ikaanza, tulivu kabisa.

"Kushoto."

Nikapinda kushoto. Vibao vikalia kwenye mabawa.

"Kushoto kidogo. Umezidi. Rudi. Hapo."

Nilikuwa na umri wa bibi na nywele nyeupe chini ya kilemba, na nilitambua kwamba sikumbuki mara ya mwisho mtu mwingine kuniambia nipite wapi. Mgongo wangu uliacha kukaza. Nilimfuata. Kulia kidogo, kulia, shikilia, anakaribia, anakaribia. Sikuwa na haja ya kujua chochote zaidi ya neno linalofuata.

"Pande zote sawa," akasema monsieur Armand. "Yuko mbele yako. Sasa inua macho, utamwona."

Nikainua macho. Nyuma ya kioo cha mbele, karibu kabisa, katika mwanga ule wa paa, alisimama mdogo wangu na ufagio wake, jasho linamtoka, mkia umemzunguka miguuni, amekenua meno yote.

"Yaya," akasema, "umefika."